Mama anaona vizuri kabisa, daktari anasema mishipa ya jicho inavuja. Sukari inafikaje huko?

#1 DadaWaRoysambu
Habari wadau. Nina swali moja na hasira kidogo.

Mama ana sukari tangu 2016. Anameza metformini, anapima kidole kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la hesabu la mjukuu. Namba zake ni 6, 7, mara moja moja 8. Macho? Huyu husoma namba ya matatu ikiwa bado ng'ambo ya Thika Road, mimi sijaona hata rangi yake.

Juzi kliniki ya sukari wakasema lazima macho yapimwe mwaka huu. Akatiwa matone ya kupanua mboni, tukakaa kwenye benchi kama nusu saa, akapigwa picha. Daktari akageuza kompyuta tuone. Duara la rangi ya chungwa, mishipa imetambaa kama mizizi, na baina ya mizizi hiyo vidoti vyekundu kana kwamba mtu amenyunyiza pilipili ya unga. Kando kuna vipunje vya manjano. Akasema mishipa midogo inavuja, arudi apigwe picha nyingine ya kuonyesha tabaka za nyuma ya jicho, na huenda akahitaji sindano ndani ya jicho.

Mama alicheka. Akasema, "Huyu kijana anatafuta nauli." Njia nzima alijifunika leso usoni kwa sababu ya jua, na bado anacheka. Mimi sikucheka. Mtu anaona hivyo, sukari ni 7, jicho linavujaje? Na sukari, kitu cha kula, inafikaje huko nyuma?

#2 KondaMstaafu
Sindano kwenye mboni? Dada, hapo mmepatikana. Gari likiwa linatembea vizuri hatufungui injini.

#3 FundiBomba_Umoja
Konda, ndiyo maana gari zako zilikuwa zinazimika Githurai na watu wanasukuma.

Dada, hii ni bomba tu. Sukari ikizidi, damu inakuwa nzito kama sharubati. Vipunje vya sukari vinakwaruza ukuta wa mshipa, ukuta unakula kutu, unatoboka. Mishipa mikubwa ina ukuta mnene, kwa hivyo inaanza midogo. Nimefanya kazi ya bomba miaka 19, najua kinachotoboka kwanza.

#4 NesiZamuYaUsiku
Fundi, sukari ya damu haina punje. Imeyeyuka kama ile ya chai iliyokorogwa ikaisha. Haikwaruzi kitu.

Konda, sindano haipiti kwenye mboni. Jicho linatiwa ganzi ya matone, linasafishwa, halafu sindano inaingia kwenye weupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa ile duara ya rangi. Ni sekunde chache. Anayesema haogopi anadanganya, lakini wengi wakimaliza huuliza, "Ndiyo hiyo tu?"

Sasa Dada. Mishipa tunayoongelea ni kapilari za retina, lile tabaka la nyuma linalopokea mwanga. Kipenyo chake ni kama mikroni 5 hadi 10. Seli nyekundu ya damu ina mikroni 7 hadi 8, kwa hivyo zinapita moja moja, nyingine kwa kujikunja, kama watu kwenye mlango wa matatu saa kumi na mbili jioni. Kwa nje kapilari imekumbatiwa na seli zinazoitwa perisaiti, ziko kama vidole vilivyoshika mpira wa maji. Kwenye retina ni nyingi kuliko karibu popote mwilini. Sukari ikikaa juu miaka, hizo perisaiti ni kati ya seli zinazokufa mapema.

Ukuta ukikosa mshikaji unafura, kama tyubu ya baiskeli inayochomoza kwenye tairi lililochanika. Vile vidoti vya pilipili vingi ni hivyo vifuko, vingine ni damu kidogo iliyotoka. Vya manjano ni mafuta na protini zilizovuja. Maji yake yamenyonywa, mafuta yamebaki, kama kwenye sufuria ya mchuzi uliokaukia.

Na mama anaona, huenda ni kwa sababu uvujaji haujaingia pale katikati kabisa panaposomea namba ya matatu. Siku ukiingia, ataanza kuona mlingoti wa stima umepinda.

#5 FundiBomba_Umoja
Basi si nimesema ni bomba? Tofauti ni punje tu.

#6 BintiPate
Salaam. Niingilie lugha kidogo, mtanisamehe. Mboni ni pale peusi mbele, ndipo watu husema "namtunza kama mboni ya jicho". Huko nyuma kunakopigwa picha si mboni. Na mtoto wa jicho si hii kadhia, ni kioo cha ndani kuingia ukungu. Wenye sukari hupata huo pia, tena mapema kuliko wengine, lakini hufanyiwa upasuaji na mtu akaona. Bibi yangu aliambiwa ana mtoto wa jicho, akangoja aende Mombasa akatolewe. Alipotolewa hakuona, maana nyuma kulikuwa kumeshaharibika zamani.

#7 MbongoEastleigh
Angalau kuna mtu mmoja humu anaongea Kiswahili. "Mlingoti wa stima" ndiyo nini? Ni nguzo ya umeme!

#8 KondaMstaafu
Mbongo, hiyo nguzo yako ikizima wewe husema nini? "Umeme umekatika." Sisi tunasema stima zimepotea, na zote mbili hazirudi.

#9 SayansiKahawa
Nesi ameeleza nini kimetokea, hajaeleza kwa nini perisaiti zinakufa.

Misuli inahitaji insulini ili kuingiza glukosi, yaani sukari ya damu. Kapilari za retina haziingoji. Damu ikijaa sukari, nazo zinajaa. Ndani ya seli sukari ya ziada inageuzwa kuwa sorbitoli, ambayo haitoki kwa urahisi. Sukari nyingine inajigandisha kwenye protini za ukuta na kuzifanya ngumu. Mwaka 2001 Michael Brownlee wa Marekani alijaribu kuunganisha njia zote za uharibifu zilizojulikana: mitokondria, zile injini ndogo za seli, zikisukumwa na sukari nyingi zinatoa oksijeni kali inayochoma kila kitu, na njia nyingine zote zinaanzia hapo. Mimi naona huyo ndiye aliyemaliza mjadala.

#10 MwalimuBio_Buruburu
Hakumaliza, kijana. Hiyo ya sorbitoli ilikuwa na wafuasi wengi enzi zangu. Kwenye kioo cha jicho la panya dawa za kuzuia sorbitoli zilifanya kazi vizuri, watu wakashangilia. Kisha mojawapo, sorbinili, ikajaribiwa kwa binadamu, matokeo yakatoka 1990. Retina haikuona tofauti. Jicho la panya na la mama yake Dada ni vitu viwili.

Na kuna wanaosema mnaanzia mahali pasipofaa. Wanasema neva za retina huugua kwanza. Ukipima umeme wa retina kwa baadhi ya watu wenye sukari utaona umeshapungua au kuchelewa, na picha haina kidoti hata kimoja. Kwao mishipa ni shahidi, si mshtakiwa. Wengine wanalaumu chembe nyeupe za damu, kwamba zinagandamana na ukuta wa kapilari na kuziba njia. Kila kambi ina picha zake.

#11 ShambaLimuru
Mnaongea sana. Majani ya muarobaini asubuhi na jioni, na mapera. Jirani yangu aliacha metformini 2019 na anaona hadi Ngong.

#12 NesiZamuYaUsiku
@ShambaLimuru mama yake Dada naye anaona hadi ng'ambo ya Thika Road. Soma #1 tena. Kuona si kipimo cha ugonjwa huu.

#13 Mzee_Makadara
Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote kwa herufi kubwa, simu imewekwa hivyo.

Mimi ni fundi cherehani. Sukari niligunduliwa 2003. Miaka kumi na moja sikupimwa macho, kwa sababu hiyo hiyo ya mama: nilikuwa natunga uzi kwenye sindano bila miwani jicho la kushoto. La kulia halioni mbali tangu shule, kioo chake kwenye miwani yangu ni kinene kama kitako cha chupa ya soda, kwa hivyo nililitegemea la kushoto.

Asubuhi moja Desemba 2014 nilikuwa nakata suruali ya mteja. Nikaona uzi mweusi juu ya kitambaa. Nikaupangusa. Hautoki. Nikaupangusa tena, mteja akaniuliza, "Mzee, unafuta nini?" Uzi ukafuata jicho nilikogeuka. Kufikia saa sita ilikuwa kama mtu ametia tone la wino kwenye glasi ya maji, linashuka taratibu na kutanda. Halikuuma hata kidogo. Saa tisa sikuweza kutofautisha kitambaa na meza.

Nilingoja hadi baada ya Krismasi ndipo nikaenda. Nikaambiwa mishipa mipya imeota ndani, ikapasuka, na baadaye ile makovu yake ikavuta retina ikabanduka. Nilifanyiwa upasuaji. Leo jicho hilo linahesabu vidole ukiviweka karibu.

Dada, mpeleke mama hiyo picha ya pili. Akicheka, acha acheke, lakini awe kwenye gari.

#14 MbongoEastleigh
Shikamoo mzee. Pole sana.

#15 Mzee_Makadara
Marahaba. Wewe ndiye wa kwanza humu kunisalimia sawasawa.

#16 KondaMstaafu
Shikamoo mzee. (Mbongo asitutangulie.) Swali la kweli sasa, sitanii. Mishipa mipya ikiota si ni vizuri? Bomba la zamani limeziba, umepata jipya.

#17 NesiZamuYaUsiku
Konda, hapo kuna hatua ya kati. Kapilari hazivuji tu, nyingine zinaziba kabisa. Retina ni mlafi wa oksijeni, na sehemu iliyokosa damu inaanza kupiga kelele. Isaac Michaelson alikisia mwaka 1948 kwamba kuna kitu retina yenye njaa inakitoa ili kuita mishipa. Ilichukua miongo kukipata: protini iitwayo VEGF, ambayo mwaka 1994 ilipimwa kwenye maji ya macho ya wenye sukari na kukutwa juu kwa wale wenye mishipa mipya. Hiyo VEGF pia inalegeza ukuta wa mishipa ya zamani, ndiyo maana katikati panajaa maji. Sindano wanayomwambia mama inaizima hiyo. Mojawapo ya dawa hizo ni bevacizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani.

Hiyo mishipa mipya inaota juu juu, inaingia kwenye ute wa ndani ya jicho, na kuta zake ni dhaifu sana.

#18 FundiBomba_Umoja
Nimeelewa! Ni zile mipira ya maji ya mtaani inayounganishwa usiku, inapita kwenye mtaro. Maji yanafika, lakini gari moja likiikanyaga, mtaa mzima umelowa.

#19 NesiZamuYaUsiku
Fundi leo nakupa alama zote.

#20 Mzee_Makadara
Jicho la kulia nalo lilipigwa leza kabla halijapasuka. Taa ya kijani, tap tap tap, vipindi vitatu, wakasema mapigo yanazidi elfu. Mengine unayasikia ndani ya kichwa kama jino. Linaona bado, ila giza likiingia Jogoo Road siwezi kuvuka peke yangu, na watu wa pembeni siwaoni hadi wanisalimie.

#21 SayansiKahawa
Ndiyo bei yake, mzee. Leza inachoma kingo za retina ili midomo inayolia njaa ipungue, katikati pabaki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1976 ulionyesha inapunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu. Inasikika kama kukata mkono kuokoa mwili.

#22 MwalimuBio_Buruburu
Afadhali hiyo. Kabla ya leza kulikuwa na kubwa zaidi. Mwaka 1953 daktari wa Denmaki, Poulsen, aliandika juu ya mwanamke mwenye sukari ambaye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ilikufa baada ya kujifungua. Macho yake yakapata nafuu. Basi miaka ya 1950 na 1960 wagonjwa walikuwa wanaharibiwa hiyo tezi makusudi ili kuokoa macho. Wengine waliona vizuri zaidi, lakini waliishi kwa vidonge vya homoni. Ndipo nawaambia sukari peke yake haielezi yote. Homoni za ukuaji, zinazotoka kwenye tezi hiyo, zilikuwa na kauli hapo.

#23 KayoleNambari9
Mimi nina kesi inayowapinga wote. Mwaka juzi nilikuwa vibaya, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 13. Nikatiwa insulini, nikaacha soda, nikashuka hadi 7 kwa muda mfupi. Macho ndiyo yakazidi! Picha ya kwanza vidoti vichache, ya pili mawingu meupe kila mahali. Kama sukari ndiyo adui, kwa nini ilinipiga nilipoishusha?

#24 NesiZamuYaUsiku
Kayole, hilo linajulikana, na usiache insulini kwa ajili yake. Ule utafiti wa DCCT uliotoka 1993, watu 1,441 wenye sukari ya aina ya kwanza (ile ambayo mwili hautengenezi insulini), waliobana sukari walipunguza hatari ya jicho kuanza kuugua kwa asilimia 76. Lakini wengine waliokuwa tayari na vidoti walizidi mwaka wa kwanza kabla ya kupata nafuu. Mwaka 2016 semaglutidi, dawa ya kushusha sukari, nayo ilionyesha matatizo ya macho zaidi kidogo, na wengi wanadhani ni kwa sababu ile ile ya kushuka kwa kasi. Kwa nini hasa, kuna maelezo kadhaa na hayapatani. Cha kufanya kinajulikana: macho yapimwe kabla ya kushusha kwa nguvu, na yaangaliwe karibu karibu. Hivyo hivyo kwa mwenye sukari aliye mjamzito.

#25 FundiBomba_Umoja
Na presha ya maji je? Bomba dhaifu ukilifungulia presha linapasuka. Mbona hamtaji presha ya damu?

#26 SayansiKahawa
Hapo uko sawa. Uingereza, utafiti wa UKPDS, 1998: waliobanwa presha, hatari ya macho yao kuzidi kuharibika ilipungua kwa asilimia 34.

#27 MwalimuBio_Buruburu
Na utafiti wa ACCORD wa Marekani, 2010: waliosukumwa presha, ile namba ya juu, chini ya 120 hawakupata faida ya jicho kuliko walioachwa chini ya 140. Kilichosaidia huko, ukiondoa kubana sukari, ni dawa ya mafuta ya damu, fenofibrati. Fundi, ukikaza koki kupita kiasi hupati zaidi.

#28 FundiBomba_Umoja
Ukikaza koki kupita kiasi unaua washa, ile raba ya ndani. Hilo hata halihitaji Marekani.

#29 MamaWaKibanda
Mimi nilibadilisha miwani mara tatu mwaka mmoja, kila mara inanikataa baada ya wiki mbili. Ndiyo hii?

#30 NesiZamuYaUsiku
Hiyo mara nyingi ni kioo cha jicho kufura na kunywea sukari inapopanda na kushuka. Ngoja sukari itulie wiki kadhaa ndipo upimiwe miwani. Lakini picha ya nyuma piga hata hivyo. Mwenye aina ya pili, kama mama yake Dada, anapimwa mara anapogunduliwa, kisha kwa kawaida kila mwaka.

#31 BintiPate
Dada wa Roysambu, hukujibiwa moja. Hizo 6 na 7 za mama ni za asubuhi kabla ya kula. Mchana je? Na kile kipimo cha miezi mitatu kimesema nini?

#32 DadaWaRoysambu
Samahanini, nilikuwa kazini. BintiPate, umenishika pabaya.

HbA1c, ndicho hicho kipimo cha miezi mitatu, ni asilimia 9.4. Ilikuwa kwenye karatasi nyuma ya ile ya macho, sikuigeuza. Jana nikamvizia saa tisa, ametoka kula chapati mbili na ndengu, nikamwomba kidole. 13.8. Akasema mashine imeharibika kwa sababu haijazoea kuamshwa mchana. Tukapima tena, 13.6.

Kumbe asubuhi ni 7 kwa sababu usiku hali kitu. Siku nzima tumekuwa tukiandika saa moja tu.

#33 KondaMstaafu
Yaani mama alikuwa anahesabu abiria gari likiwa stendi ya kwanza.

#34 SayansiKahawa
Kwa hivyo jibu ni sukari. Nimesema.

#35 MwalimuBio_Buruburu
Si haraka hivyo. UKPDS ilikuta zaidi ya mtu 1 kati ya 3 ana vidoti siku ile ile anagunduliwa. Huyu mama inawezekana aliugua kabla ya 2016 bila kujua. Sasa vidoti vyake ni vya chapati za mwaka huu au za 2012? Na HbA1c yenyewe inategemea seli nyekundu kuishi siku 120 hivi. Mwenye upungufu wa damu au chembechembe za sikoseli anaweza kusoma juu au chini ya ukweli.

#36 DadaWaRoysambu
Mwalimu, usimsomee mama hiyo, ataishikilia. Amekubali kwenda Jumatatu, tunapanda matatu za kwenda mji wa Kikuyu asubuhi. Asanteni nyote, na mzee hasa.

#37 Mzee_Makadara
Vema. Na mimi nina swali ambalo daktari hunijibu kwa kukohoa. Damu ni moja, moyo ni mmoja, sukari ni ile ile. Kwa nini jicho la kushoto lilipasuka na la kulia likangoja?

#38 NesiZamuYaUsiku
Mara nyingine mshipa mkubwa wa shingo umebanwa upande mmoja, macho mawili hayapati presha sawa. Ulishapimwa shingo, mzee?

#39 MwalimuBio_Buruburu
Mimi naangalia kile kioo cha kitako cha chupa ya soda. Jicho lisiloona mbali sana huwa refu, retina yake imetandazwa nyembamba, na imeonekana huugua ugonjwa huu kwa uchache. Labda ulemavu wako wa shule ndio ulikulinda.

#40 SayansiKahawa
Au bahati tu. Na la shingo halina msimamo, wapo wanaosema linalinda jicho na wapo wanaosema linalimaliza.

#41 FundiBomba_Umoja
Mzee hulala upande gani?

#42 Mzee_Makadara
Kushoto, tangu ujana. Basi nitauliza yote manne Alhamisi. Mtu aniambie, siku hizi matone wanaanza kutia saa mbili au saa tatu? Kijana wa kunishika mkono anaingia kazini saa nne.